Suruali Isiyokauka

Suruali ile ndiyo niliyooa nayo. Ni ya kijivu, ina marinda mawili mbele, na tangu kuzaliwa kwa mtoto wetu wa pili haijawahi kunipita mapajani. Mke wangu alitaka kuichana iwe tambara la kudekia. Nikamwambia aiache, ina kazi. Hakuuliza kazi gani. Miezi saba baadaye suruali hiyohiyo ikamuuma mtu kidole, jengo zima likaitiwa kikao, na mimi nikajikuta nimesimama uani mbele ya familia kumi na mbili nikiitetea nguo kuukuu kama wakili.

Lakini ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia kwenye kidole mtaniita mchawi.

Mimi ni fundi wa friji. Siku sita kwa wiki nashinda nimeinama nyuma ya mafriji ya watu, nasikiliza kompresa zinavyokohoa na wenye friji wanavyoniongopea. "Fundi, jana tu ilikuwa nzima!" Jana ipi? Ndani kuna ukungu wa tangu uchumba wao. Sibishani, natengeneza. Jumapili ndiyo siku yangu. Jumapili saa nne asubuhi nafunga mlango wa chumba cha kulala, nakaa kwenye kigoda kati ya kitanda na kabati, navaa hedifoni, naongea na kaka yangu kwa redio.

Sisemi redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Nasema redio ya ridhaa, unayorushia na kupokelea, yenye mtihani wake na leseni yake. Leseni yangu imetundikwa ukutani ndani ya fremu, pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Picha ya harusi iko ndani ya droo. Mke wangu analijua hilo na hajalisahau.

Kaka ndiye aliyenifundisha. Tulipokuwa wadogo tulilala vyumba viwili vyenye ukuta mmoja, akanifundisha ile lugha ya Morse, ya nukta na mistari: unagonga kwa kifupi, unagonga kwa kirefu, herufi inatoka. Tulipiga soga ukutani mpaka baba naye akaja kugonga, ila yeye aligonga mlango, na mkanda ulikuwa mkononi. Baadaye Kaka akawa seremala, akahamia mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Ukuta ukawa mrefu, tukanunua redio.

Kaka alikuwa na sauti, jamani. Akicheka, vikombe vilitetemeka kabatini. Marehemu mkewe alikuwa akimwambia acheke nje. Basi mwaka juzi akaota uvimbe kooni. Madaktari wakaukata, na sauti yote ikaondoka nao. Akarudi nyumbani na tundu shingoni na kimya. Binti yake, anayekaa naye, akamnunulia simu awe anaandika. Anaandika nini? Ukimwandikia "Umeamkaje?" anajibu "sawa." "Chakula kinapita?" "Sawa." Ningemwandikia kwamba nyumba yangu inaungua nami nimo ndani, angejibu "sawa." Binti akanipigia analia: baba hatoki chumbani, hataki mgeni, hataki hata randa yake aione.

Halafu siku moja akaingia stoo mwenyewe, akaitoa redio yake, akaifuta vumbi; binti akanidokeza, nami nikaandaa waya, nitaueleza mbele. Jumapili saa nne nikamsikia, anagonga kwa kigongeo cha redio kama zamani ukutani. Maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miezi mitatu yalikuwa haya: DOGO U YAKO BADO KIWETE.

Hapa sina budi kueleza. Herufi U ni nukta mbili na mstari mmoja mwishoni. Mimi tangu utoto nina haraka, ule mstari naukatisha. Mstari ukiwa mfupi unageuka nukta, na nukta tatu ni S. Kwa hiyo nikigonga "uji" inatoka "sji." Kaka amenitania hivyo kwa miaka thelathini. Niliposikia ananitania tena nikaegemea kabati, machozi yakanitoka, sikujali.

Maana walimkata koo, mkono hawakuugusa. Kila anayegonga ana mkono wake, kama kila mtu alivyo na mwendo wake. Unamjua kabla hajajitaja. Kaka hugonga taratibu, na neno la mwisho hulivuta kidogo, vilevile alivyolivuta alipokuwa na koo zima. Nikivaa hedifoni sisikii herufi, namsikia yeye.

Kitu kimoja tu kilikosekana. Katika kugonga kuna namna ya kucheka: nukta nne, kisha nukta mbili, unarudia. Kaka alikuwa akikigonga kicheko hicho mpaka namwambia basi. Tangu atoke hospitali hajakigonga hata mara moja. Nami nikaapa kwamba nitamchekesha, hata kama itabidi nimuuze mtu.

Nikamuuza Mama Kanuni.

Mama Kanuni ndiye mwenyekiti wa kamati ya jengo letu. Anaishi ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, peke yake, na jina hilo hatukumpa bure. Ana kanuni ya viatu ngazini, ana kanuni ya kutwanga, ana kanuni ya namna ya kubandika kanuni. Kanuni ya kumi na nne ndiyo iliyonihusu. Naikumbuka neno kwa neno: "Ni marufuku kufunga juu ya paa dishi, antena au waya wowote, isipokuwa waya wa kuanikia. Waya usioanikiwa kitu kwa wiki nzima utaondolewa."

Mtu wa kwanza kukatwa na kanuni hiyo alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili. Alikuwa na dishi la kuangalizia mpira, kubwa, ungeweza kulitumia kuogeshea mtoto. Likashushwa. Tangu hapo anaangalia mpira kwenye simu, wachezaji wadogo kama punje za mchele, na sisi tunamwita Bwana Dishi. Mtu akinyang'anywa kitu abaki na jina lake tu, hawezi kuwa na roho nzuri.

Mimi sikufunga antena. Juu ya paa letu la zege kuna nyaya kumi na mbili za kuanikia, kila nyumba na wake, zimevutwa kutoka nguzo hadi nguzo, mita ishirini kila mmoja. Mita ishirini! Mwanaredio akisikia urefu huo mate yanamdondoka. Ndicho kipimo ninachokihitaji kumpata Kaka mchana. Basi nikautoa waya wetu wenye kutu, nikaweka wa shaba niliouchomoa ndani ya kompresa iliyokufa. Kila ncha nikaifunga kwenye kipande cha plastiki nilichokata kwenye dumu, ili nguvu isipotelee nguzoni. Kisha uzi mwembamba wa waya nikauteremsha sambamba na bomba la maji ya mvua mpaka dirisha la chumba cha kulala. Kila aliyeutazama aliona waya wa nguo.

Shida ni kwamba waya wa nguo unataka nguo, na nguo mbichi ni adui wa redio. Shuka moja lililolowa likilala juu ya waya, mshale wa mita yangu unaruka kama umefinywa, na Kaka hapati hata nukta. Lakini nisipoanika kitu wiki nzima, Mama Kanuni anakuja na koleo. Ndipo nikaikumbuka suruali ya harusi. Nikaitundika ikiwa kavu na ikabaki kavu. Mke wangu nikamnunulia kamba yake ya kibarazani, nikamwambia paani kuna vumbi.

"Vumbi haliishiki suruali yako?" akauliza.

"Ile ni kitambaa kizito."

Mvua ikitishia, nilikuwa nakimbilia paani kuianua kabla ya nguo za watoto. Mke wangu akaliona mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hiyo suruali inapewa mapenzi ambayo mimi mwenyewe sijayaona," akasema. Majirani nao wakaanza: fundi, suruali bado haijakauka tu? Nikawa najibu kwamba jua la siku hizi halina nguvu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi saba. Kila Jumapili namwuliza Kaka kama kidonda kimefunga, kama amekula, kama dawa amemeza, halafu namletea moja mpya ya Mama Kanuni. Nilimgongea kwamba ana uso wa notisi. Nilimgongea kwamba akipiga chafya anaigongea muhuri. Nilimgongea kwamba siku akifa hatakubali kuzikwa mpaka usomwe muhtasari wa kikao kilichopita. Niliona raha ya ajabu, kumsema mtu kutoka chini ya nyumba yake, kwa lugha ambayo hakuna mwingine mtaani anayeijua.

Na Kaka alijibuje? NZURI. Basi. Mtu akikijibu kichekesho chako kwa "nzuri," bora angekuzaba kibao. Jumapili moja ya mvua nilimsimulia namna Mama Kanuni alivyosimama kwenye mvua na mwavuli, akisimamia dishi la watu likishushwa, asitikisike. Kaka akanyamaza, kisha akaniuliza jambo la kipuuzi kiasi kwamba nilimgongea MSHENZI WEWE nikazima redio. Hata hapo hakucheka.

Sasa kidole.

Jumapili ya balaa ilikuwa na jua kali. Waya wa Bwana Dishi ulikuwa umekatika, naye ana blanketi la kuanika. Akapanda paani, akaona waya mzima una suruali moja tu katikati. Akaisogeza suruali kwa mkono mmoja, waya akaushika kwa mkono wa pili, pale karibu na nguzo, mwishoni kabisa, ambapo nguvu yote inajikusanya. Mimi chini nilikuwa katikati ya neno. Mshale ukaruka. Kutoka juu nikasikia mtu mzima anamwita mama yake.

Waya huo hauui. Unachoma tu ncha ya kidole, kama umegusa sufuria iliyo jikoni. Lakini nakiri, hapo nilikosea: waya unaofikiwa na mkono wa mtu ilibidi niuvishe mpira tangu siku ya kwanza. Fundi mzima, nikafanya uzembe wa mwanafunzi.

Bwana Dishi akashuka ngazi nne nne. "Suruali imeniuma! Jamani, suruali ya fundi imeniuma!" Watu wakatoka milangoni. Wengine wakacheka, mmoja akamshauri apumzike kwenye kivuli. Yeye akapanda tena, kidole mdomoni, akachungulia vile vipande vya dumu, akaufuata ule uzi kando ya bomba, hatua kwa hatua, mpaka kibaraza cha ghorofa yetu, dirishani kwangu. Tukatazamana kupitia wavu wa mbu, mimi nikiwa bado nimevaa hedifoni.

"Ahaa," akasema Bwana Dishi. Furaha ya uso ule sijaiona tangu dishi lake lishushwe.

Jumatatu notisi ikapita chini ya milango yote, yenye muhuri. Kikao cha dharura, Jumapili saa nne asubuhi, uani. Ajenda: Suruali.

Mke wangu akaisoma mara mbili. "Miaka kumi na saba ya ndoa," akasema, "na hivi ndivyo nitakavyojulikana mjini." Kisha akakaa kando yangu kitandani, akaitazama redio. "Wakiuondoa huo waya, Kaka itakuwaje?"

Tulishajaribu kila njia. Waya wa ndani ya chumba haufiki hata kituo cha basi. Tukihama, tutahamia wapi ambako hakuna kamati? Nikachukua simu nikamwandikia Kaka kwamba Jumapili hii sitakuwepo saa nne, kuna shida ya waya, huenda na Jumapili zijazo. Simu ikalia papo hapo.

"Sawa," ameandika.

Nikaitupa simu kwenye mto. Waya ukishuka, hicho ndicho kingebaki cha kaka yangu.

Jumapili ikafika. Uani viti vya plastiki vimepangwa, Mama Kanuni amekaa nyuma ya meza na miwani yake na faili, uso mkavu kama kawaida. Bwana Dishi amesimama mbele, kidole kimefungwa bendeji nene kama balbu.

"Mimi sina chuki na mtu," akaanza, na kila mmoja akajua anayo. "Ila sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Dishi langu lilishushwa, nikanyamaza. Mwenzangu ana antena paani, ameivisha suruali. Tena inauma! Ing'olewe leo hii."

Watu wakaguna. Mama Kanuni akanigeukia. "Fundi, ule ni waya wa nini?"

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti. Wa nguo."

"Marahaba. Nguo gani?"

"Suruali."

"Suruali hiyo umeifua lini mara ya mwisho?"

Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Nyuma yangu mke wangu akasema, "Hata mimi nangoja jibu." Watu wakaangua kicheko. Kumbe hata ndani ya nyumba nina mwendesha mashtaka!

Mama Kanuni hakucheka. Akafungua faili, akatoa daftari dogo la mistari, akalamba kidole akafunua kurasa. "Kabla hatujaendelea, kuna ushahidi. Jumapili ya kwanza." Akasoma kwa sauti ileile anayosomea mahudhurio: "'Mama Kansni ana sso wa notisi.'"

Watu wakageuka kunitazama.

"Ana nini?" akauliza Bwana Dishi.

"Uso. Fundi akigonga U, mstari wa mwisho anaukatisha, inakuwa S. Nimemvumilia miezi saba." Akafunua. "Jumapili ya nne. 'Akipiga chafya anaigongea mshsri.' Muhuri, fundi. Muhuri! Neno moja umelichinja mara mbili." Akafunua tena. "Jumapili ya tisa. Siku nikifa sitakubali kuzikwa mpaka usomwe muhtasari wa kikao kilichopita. Hili ni kweli, nitaliacha kwenye wosia."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu ule mkanda wa baba. Watu walikuwa wanatazamana, hawaelewi wacheke au walie.

"Mama," nikasema, "umeyapata wapi?"

"Nimekaa posta miaka kumi na tisa nikipokea simu za maandishi," akasema. "Nukta na mstari nilikuwa nazisikia hata usingizini. Waya wako umepita juu ya dari yangu. Kila Jumapili saa nne redio yangu ilikuwa inakatakata. Nikasema imekufa, nikanyoosha mkono kuizima. Kumbe inakata kwa herufi, na herufi zinanitukana."

"Na ukayaandika yote?"

"Karani hachagui ujumbe. Ukija, unaandika."

Hapo watu wakashindwa kujizuia, uani ukalipuka. Bwana Dishi akaruka na kidole chake juu. "Mmesikia! Mwenyekiti mwenyewe amethibitisha ni antena! Ing'olewe!"

"Tulia." Mama Kanuni akamsogezea karatasi. "Soma kanuni ya kumi na nne."

Bwana Dishi akasoma kwa sauti ya ushindi, mpaka akafika "isipokuwa waya wa kuanikia."

"Pameandikwa nguo?"

"Hapajaandikwa, lakini si inajulikana..."

"Mimi siendeshi jengo hili kwa inajulikana. Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu, na inasema waya wa kuanikia. Kuanikia nini, haikusema." Akavua miwani. "Na waya huu, ndugu wakazi, kwa miezi saba, kila Jumapili, umenianika mimi. Waya unabaki. Fundi auvishe mpira mpaka pasipofika mkono wa mtu, na amwombe jirani yake radhi kwa kidole. Na hiyo suruali ianuliwe. Imekauka."

Sijawahi kusikia kelele kama zile uani kwetu. Mke wangu alinipiga ngumi ya mgongo kwa furaha. Nikamwendea Bwana Dishi nikamwomba radhi, na niliimaanisha.

"Na dishi langu?" akapaza sauti.

"Dishi lako linaanika nini?"

"Ujinga wa timu yake!" akajibu mtu kutoka viti vya nyuma, na kikao kikafungwa.

Nilikuwa naparamia ngazi niwahi redio niliposikia viatu nyuma yangu. Alikuwa Mama Kanuni, anapanda akihema, daftari kwapani.

"Saa nne na dakika ishirini na tano," akasema. "Atakuwa bado anasubiri?"

"Nilimwambia sitakuwepo, Mama." Kisha nikamwuliza, maana lilikuwa limenikaa kooni. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Ungenishtaki siku ya kwanza."

"Nilitaka. Nilishaanza kuandika notisi." Akashika reli ya ngazi apumzike. "Halafu nikasikia unamwuliza kama kidonda kimefunga. Nikisema, utaacha kugonga. Nami nilishataka kujua kama kimefunga."

Nikaona haya, nikatazama chini.

"Tena mimi nakusikia wewe tu," akaendelea. "Redio yangu yeye haimpati, yuko mbali. Miezi saba nasikia nusu ya mazungumzo! Unauliza amekula, kimya, halafu unasema pole. Amekula nini? Ile Jumapili ya mvua umenisema na mwavuli wangu, kikapita kimya kirefu, halafu mshenzi wewe. Fundi, kimya kile kimenitesa. Alisema nini?"

"Sikumbuki, Mama."

"Fundi."

"Kweli kabisa sikumbuki."

Akaniangalia namna anavyowaangalia watu wanaosema viatu vya ngazini si vyao, kisha akanipita akaingia kwangu. Mke wangu alikimbia mbele kuondoa nguo za ndani kitandani. Mama Kanuni akaketi kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. Nikawasha redio, nikachomoa hedifoni ili sote tusikie.

Alikuwepo. Nilimwambia sitakuwepo, akajibu sawa, na bado alikuwa ameketi kule anagonga jina langu, ananyamaza, anagonga tena. Dakika ishirini na tano nzima. DOGO. DOGO. DOGO. Nikashindwa kushika kigongeo.

Mama Kanuni alikuwa amefumba macho, midomo inachezacheza. "Huyu ni mtu mrefu," akasema.

"Mrefu sana," akajibu mke wangu, ambaye hajui hata herufi moja.

Mama akafuta kigongeo kwa ncha ya mtandio wake, akakunja mkono wa gauni, akagonga. Miaka thelathini nimesikia mikono mingi, wa namna ile sijausikia: kila herufi imenyooka, kila nafasi imepimwa. Akamwambia Kaka kwamba mimi nipo, nimekaa kitandani. Kaka akakatiza DOGO katikati. Kisha akajibu: HUYU SI DOGO. U INA MKIA. NANI.

MAMA KANUNI HAPA, akagonga. JUMAPILI YA MVUA ULIMWAMBIA NINI NDUGU YAKO.

"Wanasema nini?" mke wangu akaninong'oneza. Nikamtafsiria. Akaniuliza Kaka alikuwa amesema nini siku hiyo, nikamwambia subiri, tuombe umeme ukatike.

Umeme haukukatika. Redio ikavuma tupu kwa muda mrefu. Nilijua anafanya nini kule: amekaa na mkono juu ya kigongeo, anakuna kidevu, anatafuta njia ya kutokea, hana. Kisha mkono wake ukaja, taratibu, na neno la mwisho ukalivuta zaidi ya kawaida.

NILIULIZA KAMA ANA MUME.

Nikamtafsiria mke wangu. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mama Kanuni hakugeuka. Alivaa miwani, akavua, akatazama dirishani, pale uzi wangu unapoingilia. Sikio lake, ninaloliona kwa upande niliokaa, lilikuwa jekundu. Akarudisha mkono kwenye kigongeo.

HANA, akagonga. DAWA UMEMEZA.

Halafu nikasikia nukta nne. Kisha mbili. Nne, mbili. Nne, mbili. Mwanzo zilikuja kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika, kisha zikashika kasi, zikarudi na kurudi, nne mbili nne mbili, haziachi, chumba kizima kimejaa. Nilikuwa nalia na mke wangu ananitikisa bega.

"Anasema nini? We baba, anasema nini sasa?"

Mama Kanuni ndiye aliyemwambia, mkono bado uko kwenye kigongeo.

"Anacheka," akasema.

Nikafuta uso, nikawaacha hapo, nikapanda paani kuianua suruali.